Picha za Kutosha

Kikapu cha mke wangu kilifika nyumbani kabla ya habari zake. Jirani alikiweka mlangoni kikiwa kitupu, majani yameshapimwa, akasimama pale akipangusa mikono kwenye sketi yake kama mtu aliyemaliza kazi, na mimi nikamwambia asante. Ndiyo, asante. Ndipo akasema, "Mzee, keti kwanza." Chelangat alikuwa kwenye foleni pale kituo cha kuuzia majani chai, anacheka na wanawake wenzake kuhusu mbuzi aliyekula kipande cha sabuni, akasema kichwa kinamzunguka, akakaa kwenye nyasi, akalala. Basi. Gari lilipopatikana hakukuwa na haraka tena. Hii ni wiki ya tatu, na bado najikuta nimesimama jikoni kama mtu anayengoja aelezwe mwisho wa ile hadithi ya mbuzi.

Nilikozaliwa, na jinsi Mkisii alivyopata mke kwa Wakipsigis, sitaandika hapa. Nataka kuandika juu ya mwaka mmoja tu, kwa sababu siku ya pili baada ya kifo binti yetu Kemunto aliniuliza swali, na jibu lake lilikuwa kwenye mwaka ule. Huku kwetu mtu hazikwi bila programu. Ni kile kijitabu cha mazishi: mbele picha kubwa ya marehemu akitabasamu, ndani picha nyingine za kanisani, za harusi, za wajukuu, halafu maisha yake kwa kifupi. Watu wanakiweka ndani ya Biblia miaka na miaka. Kemunto alifika Jumatano, akalia, akanawa uso, akaanza kazi. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na mama mwenye duka la kuchapisha kule Kericho alitaka picha kabla ya Ijumaa saa sita.

Alitafuta kwenye simu yake, akatafuta kwenye simu za ndugu zake. Alichopata ni kiganja. Chelangat alikuwa na desturi hiyo: ukiinua simu, anainua mkono. Kama si kiganja, ni mgongo, au leso imevutwa usoni. Kwenye picha za kikundi cha kanisa utaona kitambaa chake cha kichwa nyuma ya bega la mtu mrefu. Harusi ya kupigwa picha hatukufanya. Tulienda kwao, tukala, yakaisha. Na kila mara watoto walipomsumbua, "Mama, moja tu," alikuwa na jibu moja, analisema akicheka: "Mimi nilishapigwa za kutosha. Muulizeni baba yenu." Nilikuwa nikicheka pia. Zaidi ya miaka thelathini nilicheka. Nilidhani ananisifu, kwamba mume wake alikuwa mpiga picha, si mtu hivi hivi.

Kwa hiyo Kemunto alipoweka simu mezani akasema, "Sawa, Baba, toa yale maboksi," chumba kizima kiligeuka kunitazama jinsi watu wanavyomtazama mwenye ufunguo. Nilipanda kiti nikayashusha kutoka juu ya kabati, mikebe ya filamu, bahasha, kalenda zilizoviringishwa. Nilijua hamna kitu. Nilijua kabla sijapanda kiti. Lakini niliyashusha, nikapuliza vumbi, nikaanza kutafuta na wengine.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kamera ya mkono wa pili. Nilikuwa nikipiga watu picha siku za soko pale Merigi, mtu na ng'ombe wake, mtu na baiskeli ya kukodi. Halafu Mzee Wanjohi, mfanyabiashara wa Kericho aliyeuza vitabu na kalenda, akaniita dukani kwake. Alitaka kalenda ya nchi yetu hii: milima, maji, mashamba ya majani chai. Angenipa filamu, mimi nitembee. "Lakini mtu usinipigie," akasema. "Mwaka jana niliweka mzee fulani mwezi wa tano, amesimama na maziwa yake vizuri kabisa. Akafa mwezi wa tatu. Familia yake ilikuja hapa kulia, ati niende nyumba kwa nyumba nimtoe ukutani. Mlima haufi. Nipigie mlima." Akaniambia atakagua kila fremu kwa kioo chake cha kukuzia, na akiona mtu, hata mmoja, filamu zake zitapata mpiga picha mwingine. Nikasema ndiyo, Mzee. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo mtu alinichagua niifanye.

Chelangat na mimi tulikuwa tumekaa pamoja miezi miwili. Aliacha kuchuma majani ili atembee nami, kwa sababu huku mvua hunyesha karibu kila siku ikifika saa nane, na kamera ile ilikuwa ikiingia maji. Mtu wa kushika mwavuli alihitajika. Kwa hiyo tulitembea hivyo, mimi nikichutama na kamera, yeye nyuma yangu au ubavuni amenyoosha mkono, mwavuli mweusi juu ya kamera na yeye mwenyewe analowa. Nilikuwa nikimwambia, "Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Kivuli chako kimeingia." Alikuwa akirudi.

Chumba ninachokikumbuka zaidi ni kile cha Mogogosiek, nyuma ya hoteli moja ya mbao, karibu na kiwanda cha majani chai. Kilinuka moshi na maziwa. Kitanda kilikuwa kimoja, msumari mmoja wa kutundika nguo, na ukuta wa mbao uliokuwa mwembamba kiasi kwamba tulisikia wafanyakazi wa kiwanda wakila upande wa pili. Jioni moja tulikuwa tumeletewa ugali wa wimbi, mboga na mursik, maziwa ya mgando ya Kikipsigis, kwenye kikombe cha bati, tunakula kimya kwa sababu wale walikuwa wanatujadili sisi.

"Hao wa chumba cha nyuma wanatafuta nini huku?"

"Wanapiga picha."

"Ya nani?"

"Ya mlima."

"Mlima umewaita?"

"Hata haujavaa vizuri, huo mlima. Wangengoja Jumapili."

Chelangat alijiziba mdomo kwa kona ya blanketi mpaka machozi yakamtoka. Baadaye, wale walipoondoka, aliniomba nimfundishe kuweka filamu. Nilimfundisha pale kitandani. Nikamwonyesha jinsi ya kushikisha ule ulimi wa filamu, kufunga mgongo wa kamera, kuvuta mkono wa kusogeza filamu. Halafu nikamwonyesha kile kitufe cha juu upande wa kushoto, cha kurudishia filamu. "Ukivuta, tazama hapa. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, hamna kitu ndani, unapiga hewa." Neno hilo lilimfurahisha. Kupiga hewa. Alivuta mara nyingi akitazama kitufe kikizunguka, mpaka nikamwambia aache, anamaliza filamu ya Mzee Wanjohi.

Kupiga hewa tulikuwa tukifanya sokoni, sisi wapiga picha wote. Watoto wakikuzonga, unawapiga bila filamu, taa inawaka, wanafurahi, wanaenda. Haikuwa dhambi tuliyoifikiria.

Kwenye mto Kipsonoi tulikuta wanawake wawili wanafua pale pale nilipotaka maji yaonekane. Nilingoja. Chelangat akawasalimu kwa Kipsigis, akawaomba wasogee kidogo, wakauliza kwa nini, akawaeleza.

"Kwani sisi tunaharibu mto?" mmoja akasema kwa Kiswahili, ili mimi nisikie. "Tulikuwa hapa kabla yake."

"Mwambie mume wako," mwenzake akasema, "picha ni yake, lakini sabuni ni yetu. Angoje povu liishe."

Nikangoja povu liishe. Nikapiga mto, ukiwa peke yake, mara sita au saba, filamu ikaisha. Nikairudisha, nikaitoa, nikaitia kwenye mkebe wake. Ndipo Chelangat akasema, "Sasa mimi." Alikuwa ameshanawa uso mtoni na kujipaka mafuta kidogo. Alienda akasimama pale wanawake walipokuwa, juu ya jiwe, mikono imenyooka kama mwanafunzi. Filamu mpya ilikuwa kwenye begi. Nilifikiria kile kioo cha Mzee Wanjohi. Ningeweza kumwambia, "Chelangat, filamu si yangu, mwenyewe hataki watu." Maneno hayo ni machache, na angeelewa. Badala yake nilifunga mgongo wa kamera ikiwa tupu, nikainua, nikapiga. Nikamwambia ainue kidevu. Nikapiga tena.

Hapo kwenye kidevu ndipo nashindwa kujielewa. Kupiga hewa nikanyamaza ni jambo moja. Mimi nilimtengeneza, nikamwambia hivi, hapana, hivi, akanisikiza.

Picha zilipotoka Kericho aliuliza, "Zangu?" Nikasema ziliungua, mwanga uliingia. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Pole," akasema. "Ni hii mvua." Akanipikia chai, yeye, akanifariji mimi kwa kazi niliyopoteza. Nilikunywa chai hiyo.

Nilifanya tena kwenye bwawa moja la shamba la chai, na tena chini ya mlima wa Londiani, ambako baridi ilifanya midomo yake iwe ya kijivu lakini akavua sweta ili blauzi ionekane. Kila mara sababu ilikuwa mvua, au mwanga, au filamu ilikuwa ya zamani. Kuelekea mwisho wa mwaka Mzee Wanjohi akataka ziwa, kalenda isiwe ya vilima tu, tukapanda lori la kabeji mpaka Nakuru. Chelangat alikuwa amepakata mfuko wa karatasi njia nzima. Ndani kulikuwa na gauni la dada yake Rael, la buluu, lenye kola na vifungo vyeupe, gauni pekee la maana katika nyumba yao. Rael alimwazima kwa sharti moja: aletewe picha ya gauni lake likiwa Nakuru.

Tulipanda juu ya jabali linalotazama ziwa. Ndege walikuwa mstari wa waridi mbali kule chini. Nilimaliza filamu yote kwa wale ndege na yale maji. Chelangat alibadilisha nguo nyuma ya kichaka, akatoka, akalishika gauni kwa sababu ya upepo. Sijui niseme vipi alivyokuwa. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo wiki nzima na nimeifuta. Kwenye begi nilikuwa na filamu mpya tatu. Nikainua kamera ambayo haikuwa na kitu.

Alikuwa hatazami kamera. Macho yake yalikuwa kando kidogo, upande wa mkono wangu wa kushoto.

"Tazama hapa mbele," nikamwambia.

"Natazama."

"Si huko. Hapa kwa kioo."

"Piga tu," akasema. "Natazama."

Nikavuta, nikapiga. Nikavuta tena, nikapiga. Akarudi nyuma ya kichaka akavua gauni, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye mfuko. Njia ya kurudi alinunua mahindi ya kuchoma, akanigawia nusu kubwa. Hakuwahi kuuliza tena habari za picha zake, na mimi nilifurahi kwamba amesahau.

Mzee Wanjohi alichagua kumi na mbili. Moja aliyoikataa naikumbuka kwa sababu mimi niliipenda: mistari ya majani chai ya Mogogosiek ikishuka mpaka mto Itare, mvua ikija. "Hii imeharibika," akasema, akigonga pembe ya juu kwa kucha. "Ona doa hili jeusi. Nani amekuwekea kofia yake hapa?" Nikaichukua nikaiweka kwenye bahasha. Miaka michache baadaye kamera iliharibika kabisa, nikapata kipande cha shamba la majani chai, nikaacha kazi hiyo.

Sasa rudi kwenye chumba chetu, Alhamisi mchana. Mvua inagonga mabati. Kemunto amesimama dirishani akiinua vipande vya filamu kimoja kimoja kwenye mwanga, anasema, "Mlima. Mlima. Maji. Mlima." Meza imejaa. Rael, ambaye sasa ni mwanamke mzee anayetembea kwa fimbo, ameketi karibu na mlango akichambua maharagwe ya wageni. Bila kuinua kichwa akasema, "Shemeji, hiyo yote ya nini? Tafuta ile ya gauni langu. Ya Nakuru. Hiyo ndiyo tuweke mbele."

Kemunto akageuka haraka. "Kuna ya Nakuru? Akiwa msichana?"

"Muulize baba yako," Rael akasema.

Kusikia maneno hayo kutoka kinywa kingine kulinipiga mahali. Nilishika bahasha mkononi. Kemunto akasema, "Baba?"

"Hazipo."

"Zimepotea?"

Niandike ukweli: neno "ziliungua" lilikuwa tayari mdomoni. Baada ya miaka yote hiyo lilikuwa pale pale, kama kijiko kwenye droo. Nililimeza. Nikasema, "Hazikupigwa. Alisimama, nikabonyeza, kamera haikuwa na filamu. Mara nne. Nilimdanganya."

"Kwa nini?"

Nikaanza kueleza habari za Mzee Wanjohi na kioo chake na yule mzee wa mwezi wa tano. Nilisikia sauti yangu ikieleza. Wanjohi amekufa zamani, duka lake sasa linauza simu, na mimi bado nilikuwa nikimweka mbele yangu kama ngao, na mke wangu yuko mochari. Nikanyamaza katikati ya sentensi.

"Alijua," Rael akasema.

Harakati za mikono yake kwenye maharagwe hazikusimama.

"Alirudi na gauni, nikamuuliza, picha utaleta lini? Akaniambia, 'Kile kitu hakikuzunguka.' Nikasema kitu gani? Akasema, 'Kile alichonifundisha mwenyewe.' Aliona mtoni, akadhani amekosea. Akaona kwa bwawa. Nakuru alienda kutazama hicho kitu tu. Nikamwambia muulize huyo mtu. Akasema, 'Hapana. Siku akitaka atasema.'" Hapo ndipo aliponitazama. "Nimekunywa chai ya nyumba hii miaka yote hiyo, shemeji, nikingoja hiyo siku. Leo nimekutega na gauni langu, nione kama utamdanganya hata maiti."

Niliketi. Nilikuwa nikisikia sauti yake tu, Chelangat, kwenye mahafali ya Kemunto, kwenye ubatizo wa wajukuu, Krismasi baada ya Krismasi, kiganja juu, anacheka: muulizeni baba yenu. Mbele ya watoto, mbele ya wageni. Kila mara alikuwa amenifungulia mlango akausimamia, na kila mara nilicheka nikapita zangu. Sikuwahi kumwona akiwa na hasira juu ya jambo hilo. Hilo ndilo linaloniamsha. Ningekuwa nimeona hasira, labda ningejua.

Kemunto alitoka nje. Nilimsikia akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, akivigonganisha. Alikaa huko mpaka mvua ikapungua. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, hakunisalimu wala kunitukana. Alivuta kiti, akachukua picha ya Kipsonoi, akaiweka mbele yangu.

"Hapa alikuwa wapi?"

Nikaweka kidole kwenye meza, kulia kwa picha, juu ya mbao. "Hapa. Ameshika viatu vyangu."

Akaweka ya Londiani. Nikaweka kidole mezani, upande wa chini. Akaweka bwawa, akaweka ziwa. Rael aliacha maharagwe akaja kusimama nyuma yetu, akaegemea fimbo. Tulienda hivyo, picha baada ya picha, kidole changu kikitembea kwenye mbao tupu, na nilikumbuka kila mahali. Mahali pote nilipomwambia arudi nyuma kidogo nilipakumbuka. Tukafika kwenye bahasha, ile aliyoikataa Wanjohi. Nilikuwa tayari kuweka kidole mezani. Kisha nikaona siwezi, maana hii mara moja mkono wake ulichoka, na lile doa ni lake.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Kericho, Kemunto na mimi. Ndani ya programu tuliweka sura yake kutoka kwenye kitambulisho, ndogo, yenye giza, aliyopigwa na mtu wa serikali aliyemwambia ashushe mkono. Ya mbele ilikuwa ile ya Mogogosiek. Mama mwenye duka aliifungua kwenye kompyuta, ikajaa kioo chote, mistari ya chai, mto, mvua.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini marehemu hayuko, Mzee." Akanisubiri. Kisha akasogeza mshale mpaka pembe ya juu. "Na hii nyeusi nikate, ama? Inaharibu picha."

"Usikate."

"Kwani ni nini?"

"Ni mwavuli," Kemunto akasema.

Yule mama akanitazama mimi, nami nikamwambia acha hivyo hivyo, hiyo ndiyo picha.